Nguvu, Kazi na Lawama

Liko swali moja ambalo kila mwenye kuongoza watu hukutana nalo, awe mzazi, mwalimu, msimamizi wa shamba au mkuu wa ofisi. Kazi inapoharibika mikononi mwa mtu aliyejitahidi, nani alaumiwe? Desturi yetu ni kumlaumu aliyekuwa karibu zaidi na kazi. Mtoto akiangusha ndoo kisimani tunamwita mzembe, wala hatuulizi ndoo ilikuwa ya lita ngapi. Karani akichelewesha majalada tunamwandikia barua ya onyo, wala hatuyahesabu majalada yenyewe. Wahenga waliliona jambo hili zamani waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo husemwa mara nyingi kwa mzaha, lakini ndani yake mna shtaka zito: anayepanga mizigo, aghalabu, siye anayeibeba.

Nia yangu katika kurasa hizi ni kuonyesha kwamba kulinganisha nguvu na kazi si suala la busara tu, bali ni la haki, na kwamba wajibu huo humwangukia kwanza yule anayeamuru. Hoja hii nitaieleza kwa mfano ambao pengine msomaji hautarajii, nao ni mashine ndogo ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Nimeuchagua kwa sababu moja. Binadamu ana siri nyingi na visingizio vingi, kiasi kwamba mtu akishindwa kazi tunaweza kubishana mwaka mzima kama alishindwa au alikataa. Mashine haina visingizio. Nguvu yake na mzigo wake vyaweza kuhesabiwa kwa kalamu, na swali la lawama likabaki wazi mbele yetu.

Mashine za jinsi hii, ambazo mafundi huziita kwa herufi tatu CNC, zilianzia katika shughuli kubwa za viwanda. Mwaka 1952 chuo cha MIT nchini Marekani kilionyesha hadharani mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Kazi hiyo ilitokana na fikra za John Parsons, mwenye kiwanda katika jimbo la Michigan, aliyekuwa akitafuta njia ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa usahihi zaidi. Siku hizi mtu yeyote mwenye subira na fedha kidogo anaweza kuunda mashine ya namna hiyo nyuma ya nyumba yake, kwa kuagiza vipande na kuvifunga mwenyewe.

Katika kila upande ambao mashine husogea mna vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na ndoa ya vitu hivyo ndiyo habari yangu. Cha kwanza ni mota ya hatua. Mota hii haizunguki mfululizo kama ya feni. Kompyuta inapotuma pigo moja la umeme, mota husogea hatua moja na kusimama; hatua 200 ndizo zinazokamilisha mzunguko. Cha pili ni skrubu ya gololi. Hii ni fimbo ya chuma yenye uzi, na juu yake imevishwa nati ambayo ndani yake gololi ndogo hubiringika na kurudi katika njia yake. Kwa kuwa gololi hubiringika badala ya kusuguana, karibu asilimia 90 ya nguvu inayoingia hutoka ikiwa kazi, ilhali katika skrubu ya kawaida isiyo na gololi nusu ya nguvu au zaidi yaweza kupotea katika msuguano. Skrubu yenye mwendo wa milimita 5 huisogeza nati milimita 5 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo hatua moja ya mota ni sehemu ya 40 ya milimita. Huo ndio usahihi unaowafanya watu wazipende mashine hizi.

Kijana mmoja niliyepata kumfundisha, ambaye sasa ni seremala, aliunda mashine ya jinsi hiyo ili achonge maua katika milango na vitanda vya mninga. Upande mrefu wa mashine ulikuwa wa mita moja. Hakutaka mchezo, kwa hiyo alinunua skrubu nene za milimita 25, ijapokuwa mashine nyingi za ukubwa ule hufungwa skrubu za milimita 16. Mota zake zilikuwa za uso wa milimita 57, na umeme wa kuziendesha ulikuwa wa volti 24. Nilipomuuliza kwa nini amechagua skrubu nene hivyo alinijibu, “Mwalimu, kitu kikubwa hakikuangushi.”

Ilipokwenda polepole mashine ilifanya kazi ya kupendeza. Alipoiamuru ikimbie mita 3 kwa dakika, ua likaanza kuhama. Nusu ya petali zilikaa mahali pake na nusu nyingine zilisogea milimita 3 pembeni. Ubao wa mninga ukaharibika, na mninga si kuni. Kijana akatoa hukumu papo hapo: mota ni za bandia, zimemwibia fedha yake, nazo atazitupa. Hukumu ile ndiyo iliyonivutia kuliko mashine yenyewe, kwa maana nimewahi kuisikia mara nyingi ikitolewa juu ya watu. Basi tuichunguze kwa utaratibu, kama mahakama ingalivyofanya.

Jambo la kwanza ni kwamba nguvu si namba moja. Mota zile ziliandikwa kuwa na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 1.2. Namba hiyo haikuwa uongo, lakini ni namba ya mota iliyosimama na kushikilia. Koili za mota zahitaji muda ili zijae umeme. Mota ikienda polepole, muda huo upo. Ikikimbia, pigo la pili hufika kabla la kwanza halijajaza koili, na tena mota yenyewe huzalisha umeme unaopingana na ule unaoingia. Kwa sababu hiyo nguvu yake hushuka kadiri mwendo unavyopanda, hata ikabaki sehemu ndogo tu ya ile iliyoandikwa. Ajabu yake ni kwamba mota kubwa yenye koili nzito, ikilishwa volti zilezile chache, yaweza kuwa dhaifu kuliko mota ndogo katika mwendo wa kasi. Asemaye kwamba kubwa hakimwangushi mtu bado hajauliza ni kikubwa katika jambo gani, na katika mwendo upi. Nguvu ya mamba ni maji. Mtoe majini, na watoto watamrushia mawe.

Hapa tayari tunajifunza jambo kuhusu watu. Sisi hupenda kuwapima wenzetu wakiwa wamesimama. Tunatazama cheti, tunasikiliza maneno yao mbele ya kamati ya usaili, kisha tunaandika namba katika jalada na kudhani namba hiyo itadumu katika kila hali. Wako walimu ambao ukiwapa wanafunzi 30 na muda wa kutosha, hakuna mtoto atakayetoka bila kujua kusoma. Walimu haohao ukiwapa wanafunzi 120, uwezo wao hupungua sana, na si kwa sababu wamepoteza moyo. Wako pia wengine ambao ukimya wa ofisi huwachosha, lakini msukosuko wa mkutano huwaamsha. Hakuna kati yao aliye bora kuliko mwenzake kwa jumla. Kila mmoja ana mahali ambapo nguvu yake ipo.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Kijana yule aliamini kwamba skrubu nene ingeisaidia mota. Tukakaa na karatasi tukahesabu inesha, yaani ule ukaidi wa kitu kilichotulia kinapotakiwa kuanza kuzunguka. Inesha ya fimbo ya mviringo haiongezeki sawasawa na unene wake. Huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene huo. Fimbo ya chuma ya mita moja yenye unene wa milimita 16 ina inesha ya takriban 500 kwa kipimo cha gramu na sentimita za mraba. Ile ya milimita 25 ina takriban 3,000, yaani karibu mara sita. Sasa linganisha na mzigo wenyewe. Kichwa cha mashine pamoja na meza yake vilikuwa na kilo 20, lakini kwa kuwa skrubu husogeza milimita 5 tu kwa mzunguko, kilo hizo 20 zikifika kwenye mota huhesabika kama 127 tu kwa kipimo kilekile. Sehemu ya mota yenyewe inayozunguka ina kama 300.

Msomaji na azitazame namba hizo kwa makini: mzigo 127, msaidizi 3,000. Sehemu kubwa ya jasho la mota haikumalizikia katika kuchonga ua wala kusogeza kilo 20. Ilimalizikia katika kuanzisha na kusimamisha ile skrubu nene iliyoletwa kwa nia njema ili imsaidie mfanyakazi. Kwa skrubu ya milimita 16, nguvu inayohitajika kuanzia mwendo ule ingalikuwa pungufu kwa zaidi ya mara tatu na nusu.

Nani asiyejua jambo hili katika maisha ya watu? Tunamwajiri mtu afanye kazi moja, kisha tunamletea vyombo vya kumsaidia: fomu ya taarifa ya wiki, fomu ya mwezi, daftari la mahudhurio, kikao cha kutathmini kikao kilichopita. Kila chombo kililetwa na mtu mwema kwa sababu nzuri. Kikiwa peke yake hakina uzito wa kuonekana. Vikikusanyika, mwalimu hujikuta akitumia jioni yake kuandika kwamba amefundisha, na asubuhi hana nguvu ya kufundisha. Sisemi azimio la kazi au andalio la somo lifutwe; mota bila skrubu haisogezi kitu. Nasema kwamba chombo cha kazi nacho ni mzigo, na anayekileta anapaswa kukiweka kwenye mizani pamoja na kazi yenyewe.

Jambo la tatu ni kwamba hakuna uchaguzi usio na gharama. Mtu angeweza kumshauri kijana afunge skrubu yenye mwendo wa milimita 10, ili mota izunguke polepole na mashine ikimbie vilevile. Ni kweli, lakini nyutoni-mita 1 ya mota, ikipita katika skrubu ya milimita 5, husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 115. Ikipita katika ile ya milimita 10 husukuma kwa nusu yake, na kila hatua ya mota huwa ndefu mara mbili. Ukipata kasi, umepoteza nguvu na usahihi. Hata wepesi wa gololi una bei yake. Skrubu ya kawaida yenye msuguano hushikilia mzigo hata umeme ukikatika, ilhali skrubu ya gololi iliyosimama wima yaweza kuanza kuzunguka yenyewe, na kichwa cha mashine kikashuka juu ya kazi. Wema unaotusaidia mahali pamoja hutudai ulinzi mahali pengine. Mtaka yote hukosa yote, na kiongozi asiyekubali kuchagua atachaguliwa na matokeo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha maadili ya mfano huu. Mota ya hatua ya kawaida haina njia ya kusema. Kompyuta hutuma mapigo, mota huyapokea, basi. Mota ikizidiwa na mzigo, huruka. Kwa jinsi sumaku zake zilivyopangwa, haipotezi hatua moja moja, bali nne kwa wakati, au kigawe cha nne. Katika skrubu ya milimita 5 hatua nne ni sehemu ya kumi ya milimita, kama unene wa karatasi. Mtazamaji haoni kitu. Lakini hasara ile haifutiki. Kila kitakachokatwa baada ya hapo kitakuwa kimehama kwa unene ule, na mota ikiruka tena, hasara ya pili itapanda juu ya ya kwanza. Milimita 3 zilizoharibu ule ubao hazikupotea kwa mara moja.

Na wakati wote huo kioo cha kompyuta kilionyesha nini? Kilionyesha kwamba kila kitu kiko mahali pake. Namba zilizokuwa kiooni hazikuwa habari za mashine. Zilikuwa amri za kompyuta yenyewe, zikirudishwa kwake kama taarifa. Kompyuta iliamuru kichwa kifike milimita 400, haikusikia malalamiko, ikaandika kwamba kichwa kimefika milimita 400.

Nimesoma taarifa nyingi za utekelezaji katika maisha yangu ambazo ziliandikwa kwa njia hiyohiyo. Mpango unasema visima vitano. Taarifa inasema visima vitano. Mpango unasema watoto wote wa darasa la pili watajua kusoma. Taarifa inasema wanajua. Aliye juu husoma amri zake mwenyewe akidhani anasoma hali ya nchi. Aliye chini hanyamazi kwa kuwa ni mwongo, bali kwa kuwa waya wa kurudisha neno haukufungwa, au ulifungwa na waliojaribu kuutumia waliadhibiwa. Unene wa karatasi hupotea leo, na mwingine kesho, hata siku moja ua zima linaonekana limehama, kisha watu hutafuta mota ya kuitupa.

Basi turudi kwenye mahakama yetu. Je, mota ilikuwa na hatia? Iliahidi nyutoni-mita 1.2 ikiwa imesimama, na ikiwa imesimama iliitoa ahadi hiyo kamili. Haikuahidi kutoa nguvu hiyo ikikimbia kwa volti 24. Haikuchagua skrubu nene. Haikupanga kasi. Haikupewa ulimi. Aliyejua, au aliyeweza kujua, mambo haya yote ni mmoja tu, naye ni yule aliyevifunga vitu viwili pamoja. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Lakini nia njema haitoshi kumwondolea wajibu mtu aliyekuwa na uwezo wa kupima akaamua kukisia.

Fikra hii si ngeni. Torati ya Musa, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, inakataza mtu kulima kwa ng'ombe na punda waliofungwa pamoja. Wako wafafanuzi walioona katika katazo hilo huruma kwa mnyama dhaifu, kwa kuwa hatua zao na nguvu zao hazilingani. Angalia kwamba katazo halikuelekezwa kwa punda ajikaze, wala kwa ng'ombe apunguze mwendo. Lilielekezwa kwa mkulima. Aristotle naye, Myunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kadiri iliyo sawa si nusu ya kati ya kingi na kichache. Alitoa mfano wa Milo, bingwa wa mieleka: ikiwa vipimo kumi vya chakula ni vingi na viwili ni vichache, haifuati kwamba sita ndivyo vimfaavyo kila mtu. Kwa Milo sita ni vichache, na kwa anayeanza mazoezi ni vingi. Kugawa sawa na kugawa kwa haki ni mambo mawili. Anayewapa wote sita ili asilaumiwe amekimbia kazi ya kuwatazama.

Msomaji makini atakuwa na pingamizi, nami naona tatu za kujibiwa.

Ya kwanza yasema kwamba mota ni kitu kisichokua, bali binadamu hukua kwa kubeba mzigo unaomzidi kidogo. Tukimpa kila mtu kile tu anachokiweza leo, atabaki hapo milele. Pingamizi hili ni la kweli, na mwalimu ni mtu wa mwisho kulikataa. Lakini hata mota ina funzo hapa. Mota ileile inayoweza kuzunguka mara 600 kwa dakika itashindwa kabisa ikiamriwa kuanza na 600 kutoka kwenye utulivu. Itatetemeka na kulia bila kusogea. Ianzishe polepole, uipandishe kidogo kidogo, na itafika huko bila kupoteza hatua hata moja. Kinachovunja si lazima kiwe ukubwa wa mwendo. Mara nyingi ni ghafla yake. Kumkuza mtu ni kumpandishia mzigo kwa ngazi ambazo wewe mwenyewe unazihesabu. Kumtupia mzigo mzima na kusema “atazoea” si malezi.

Pingamizi la pili ni kwamba mafundisho haya yatawapa wavivu kinga. Kila mzembe atasema hakulinganishwa na kazi yake. Hapa ndipo mtu anapotengana na mota. Mota haina ulimi, bali mtu anao, na ulimi huo unaleta wajibu. Anayepewa mzigo uliomzidi anapaswa kusema mapema, wakati hasara bado ni unene wa karatasi. Anayenyamaza hadi ubao uharibike, hali alikuwa na mtu wa kumwambia, naye amebeba sehemu ya lawama. Wapo mafundi ambao siku hizi hufunga mota zenye kifaa kinachoitwa enkoda, ambacho huhesabu mzunguko wa kweli na kurudisha habari. Kifaa hicho hakiongezi nguvu ya mota hata chembe. Kinachofanya ni kuondoa uongo: mota ikishindwa kufika, kazi husimamishwa kabla mbao haijaharibika. Kwa hiyo wajibu ni wa pande mbili, lakini haulingani. Wa kusema ni wa aliye chini; wa kufunga waya wa kusemea, na kutomwadhibu anayeutumia, ni wa aliye juu. Na wa pili lazima utangulie.

Pingamizi la tatu ndilo gumu, na ndilo linalowahusu wengi wetu. Mkuu wa shule ya kijijini atasema: “Nina walimu wanne na madarasa saba. Sikuchagua. Nitalinganisha nini na nini?” Ni kweli kwamba mara nyingi anayeamuru naye ni mota ya mtu mwingine, amefungwa kwenye skrubu asiyoichagua. Naijua hali hiyo. Katika shule moja niliyoifahamu palikuwa na mwalimu kijana aliyepewa madarasa mawili kwa wakati mmoja, akikimbia kutoka chumba hiki hadi kile, na mwisho wa mwaka mkaguzi akaandika katika taarifa yake kwamba hana juhudi. Mwalimu yule aliacha kazi. Ukosefu wa walimu haukuwa kosa la mkaguzi, wala la mwalimu mkuu. Lakini lile neno moja, “juhudi,” halikulazimishwa na uhaba wowote. Lilichaguliwa.

Jibu langu basi ni hili. Usipoweza kubadilisha mzigo, bado una mambo matatu mkononi mwako. Unaweza kupunguza mwendo, yaani kusema wazi ni kazi ipi itafanywa vizuri mwaka huu na ipi itasubiri. Unaweza kuondoa uzito wa vyombo visivyo vya lazima, kama ile skrubu nene. Na unaweza kuandika ukweli, ili aliye juu yako asome hali halisi badala ya amri zake mwenyewe. Haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu aliye tayari kuonekana mnyonge mbele ya wakubwa kuliko kumfanya aliye chini yake aonekane mvivu. Wenzetu husema mkubwa ni jalala, kwa maana kila takataka hutupwa kwake. Wengi huisema methali hiyo kwa kulalamika. Mimi naona ni maelezo ya kazi: lawama zinazotokana na vitu vilivyofungwa vibaya zinapaswa kumfikia aliyevifunga, zisiishie kwa aliyefungwa.

Seremala yule hakuzitupa mota zake. Alizirudisha skrubu nene dukani kwa hasara kidogo, akafunga za milimita 16. Akaongeza umeme hadi volti 48 kwa vifaa vinavyouhimili, jambo ambalo hufanya mota idumishe nguvu yake hadi mwendo wa karibu mara mbili. Akanyoosha mahali mota ilipoungana na skrubu, maana palipinda kidogo na kula nguvu bure. Kisha akapanga mwendo upande taratibu badala ya ghafla. Mota zilezile zilizoitwa za bandia zinachonga mninga mpaka leo. Hazikuongezewa nidhamu, wala hazikuhutubiwa.

Sidhani kwamba kila aliyeshindwa kazi ni mota iliyofungwa vibaya. Wavivu wapo, na wezi wa muda wapo, nami nimewajua wa kutosha. Nasema tu kwamba hatuna haki ya kulitaja jina hilo la uvivu kabla hatujapima. Kabla hujamwita mtoto wako mjinga, tazama anasoma kwa taa gani na baada ya kazi zipi za nyumbani. Kabla hujamwita mtumishi wako mzembe, hesabu majalada, kisha hesabu na fomu ulizompa za kuhesabia majalada. Kabla hujaiamini taarifa inayofanana mno na mpango wako, nenda ukapime ubao kwa rula. Ukishapima na ukaona mzigo ulilingana na nguvu, na mdomo wa kusemea ulikuwapo, hapo lawama yako itakuwa hukumu ya haki. Bila hayo, ni sauti tu ya mtu aliyeshika kanda la usufi akimshangaa mwenzake anayetoka jasho.